Kuvu ni jamaa wa fuko, si wa sukuma wiki

Mvua ya masika ikishakolea, pitia soko la Kibuye mjini Kisumu asubuhi na mapema. Utawakuta akina mama wamepanga mboga zao juu ya magunia: sukuma wiki, managu, saga, mrenda. Kando yao, ndani ya vikapu na beseni, kuna uyoga mweupe wenye mashina marefu, uliochumwa alfajiri kwenye vichuguu vya mchwa huko mashambani. Mnunuzi hutia vyote katika mfuko mmoja na kwenda zake. Kwake yeye uyoga ni mboga, tena mboga tamu isiyoonekana kila siku.

Naomba nikuulize swali, msomaji. Uyoga huo ulio mfukoni una ujamaa wa karibu zaidi na nani: sukuma wiki uliochanganywa nayo, au fuko, yule mnyama mdogo mwenye meno marefu anayechimba mashimo na kula viazi vitamu vya watu katika nyanda za juu za Kisii na Nandi?

Nina hakika wengi watajibu sukuma wiki. Uyoga hautembei, hauna macho, hauna damu, na huota ardhini. Fuko naye ana moyo, ana manyoya, na hunyonyesha watoto wake kama ng'ombe. Hata hivyo jibu sahihi ni fuko. Na kwa kuwa fuko ni mnyama wa kunyonyesha kama wewe na mimi, maana yake ni kwamba uyoga, pamoja na kuvu zote kwa jumla, ni jamaa zetu pia.

Usidhani hiki ni kitendawili cha kupitishia wakati. Ujamaa huu ndio unaoeleza kwa nini kapsuli ulizonunua hazikuponya mapunye ya mtoto wako. Ndio unaoeleza kwa nini baadhi ya dawa za kuvu zinaweza kuumiza ini na figo za mgonjwa. Na ndio ulio nyuma ya ugonjwa mmoja wa kichwa ambao bado unaua watu katika eneo hili la ziwa, ilhali kipimo chake huhitaji tone moja la damu.

Wakazi wa gizani

Tuanze na fuko. Mnyama huyu hutumia karibu maisha yake yote chini ya ardhi. Huchimba kwa meno yake ya mbele, husukuma udongo juu ukawa vichuguu vidogo shambani, na hula mizizi, viazi na mashina ya nyasi. Macho yake ni madogo kama shanga. Mkulima humjua zaidi kwa hasara anayoileta kuliko kwa sura yake.

Uyoga nao ni mkazi wa gizani, ingawa wengi hawalijui hilo. Ile sehemu tunayoipika ni kama embe tu, yaani ni tunda. Mwili wenyewe uko chini, nao ni nyuzi nyeupe nyembamba kuliko unywele, zilizotapakaa kwenye udongo, kwenye mbao zinazooza au, kwa uyoga wa kichuguu, kwenye bustani ambazo mchwa huzitengeneza kwa majani na vijiti walivyotafuna. Mchwa huitunza kuvu hiyo, kuvu huwalainishia chakula, na mvua inaponyesha huchomoza tunda lake nje. Binadamu hupita akalichuma.

Sasa angalia jinsi wanavyokula. Sukuma wiki hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa. Fuko hawezi, na kuvu haiwezi. Wote wawili ni lazima wale kitu ambacho kimetengenezwa na mwingine. Tofauti ni kwamba fuko humeza kwanza kisha akasaga tumboni, ilhali kuvu humwaga maji yake ya kusaga chakula nje, kisha ikafyonza kilichoyeyuka. Wote wawili huvuta oksijeni na kutoa hewa ya kaboni usiku na mchana. Mmea huweka akiba yake kama wanga, ule ulio katika muhogo na mahindi. Fuko huweka akiba yake katika ini kama sukari ya aina nyingine iitwayo glaikojeni. Kuvu nayo huweka glaikojeni.

Kuna jambo jingine linalofaa kujulikana na kila mpishi. Ngozi yako ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, inayosaidia mifupa. Uyoga pia ukianikwa juani hutengeneza vitamini D ya aina yake, na kwa njia inayofanana na ya ngozi. Kwa hiyo ukinunua uyoga, ukate na uuanike juani kwa muda kabla ya kuupika. (Kuna fuko asiye na manyoya anayeishi sehemu za Isiolo na Tsavo, ambaye halioni jua maisha yake yote. Ana vitamini D kidogo sana mwilini na bado huishi zaidi ya miaka 30. Wewe usimwige.)

Kwa karne nyingi wataalamu waliiweka kuvu pamoja na mimea. Mwaka wa 1969 Mmarekani Robert Whittaker alipendekeza kuvu zipewe ufalme wao peke yao, mbali na mimea na wanyama. Kisha mwaka wa 1993 watafiti Sandra Baldauf na Jeffrey Palmer walilinganisha protini za viumbe mbalimbali na kuchapisha kwamba wanyama na kuvu ndio walio karibu zaidi kinasaba. Babu yao wa pamoja aliishi takriban miaka bilioni moja iliyopita, baada ya ukoo wa mimea kwenda zake. Uchunguzi mwingi uliofanywa tangu wakati huo umethibitisha jambo hilo.

Kapsuli za rangi mbili

Ingia sasa katika duka la dawa, mahali popote mjini. Mama mmoja amesimama kaunta na mtoto wa miaka sita, kichwa cha mtoto kikiwa na mabaka ya mviringo yasiyo na nywele.

"Daktari, nipatie zile kapsuli za rangi mbili, mtoto ana mapunye."

Kapsuli anazozitaka ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Mapunye hayaletwi na bakteria. Yanaletwa na kuvu, kama ugonjwa wa choa mwilini, kama ule mwasho wa katikati ya vidole vya miguu kwa wavaao gambuti kutwa nzima, na kama utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga. Mama huyu atatumia pesa zake, atamaliza kapsuli, na mapunye yatabaki palepale.

Kwa nini antibiotiki isiue kuvu ilhali inaua bakteria? Kumbuka penisilini ilitoka wapi. Mwaka wa 1928 Alexander Fleming aliona jijini London kwamba ukungu ulioingia katika chombo chake ulikuwa unayeyusha bakteria. Penisilini basi ni silaha iliyotengenezwa na kuvu yenyewe, na hakuna fundi anayetengeneza sumu itakayomuua yeye kwanza. Penisilini hubomoa ukuta wa seli ya bakteria, ukuta ambao kuvu haina na fuko hana. Dawa nyingine kama tetrasaiklini na erithromaisini huzuia viwanda vidogo vya protini ndani ya seli ya bakteria. Viwanda vya kuvu vimejengwa kwa ramani inayofanana na ya viwanda vyetu, kwa hiyo dawa hizo huipita kuvu kama zinavyotupita sisi.

Na si kwamba hazifai tu. Mdomoni, tumboni na ukeni wanaishi bakteria wengi wasio na madhara, ambao kazi yao mojawapo ni kuibana kuvu isipate nafasi. Antibiotiki ikiwafagia, kuvu hujikuta peke yake mezani. Wanawake wengi wameona mwasho na uchafu mzito mweupe ukeni siku chache baada ya kumaliza antibiotiki waliyopewa kwa kikohozi. Sababu ni hiyo.

Kuna kosa jingine ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi, nalo ni la krimu zenye steroidi, kama vile betamethazoni na klobetasoli. Zinauzwa ovyo sokoni, mara nyingi kwa jina la krimu za kung'arisha ngozi. Ukizipaka kwenye choa, mwasho hutulia na wekundu hupungua kwa siku kadhaa, nawe ukadhani umepona. Kumbe umewafunga mikono askari wa ngozi yako, na kuvu inaendelea kutambaa. Baadaye ugonjwa hurudi ukiwa mpana na umebadilika sura hata daktari akapata taabu kuutambua. Choa cha mwilini hutaka krimu ya kuvu, kama klotrimazoli, tena ipakwe kwa siku zote ulizoambiwa hata kama duara limekwisha fifia. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu pekee kwa sababu kuvu imejificha ndani ya shina la unywele. Mtoto hupewa dawa ya kumeza, na ni lazima apimwe uzito kwanza.

Kumpiga jamaa bila kujipiga

Hapa ndipo ule ujamaa wa uyoga na fuko unapowasumbua wataalamu wa dawa. Dawa nzuri ni ile inayomuumiza adui na kumwacha mgonjwa. Adui akiwa bakteria, tofauti ni nyingi, na pa kulenga ni pengi. Adui akiwa kuvu, karibu kila unachokilenga unakuta nawe unacho.

Tofauti zilizopo ni chache. Seli ya kuvu imezungukwa na ukuta ambao mojawapo ya vifaa vyake ni kitini, kitu kilekile kinachofanya gamba la panzi na mabawa ya kumbikumbi kuwa kavu. Fuko hana ukuta huo. Pia, utando wa seli za fuko na zako umeimarishwa kwa kolesteroli, ile ambayo daktari hukuonya juu yake ukizidisha mafuta. Utando wa seli ya kuvu umeimarishwa kwa ergosteroli. Vitu hivi viwili ni kama ndugu mapacha, na dawa nyingi za kuvu tulizonazo zimejengwa juu ya tofauti hiyo ndogo.

Nistatini, ile dawa ya maji ya manjano anayodondoshewa mtoto mchanga mdomoni, hushika ergosteroli na kutoboa utando wa kuvu. Iligunduliwa na wanawake wawili wa New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, mwaka wa 1950, na ikapewa jina la jimbo lao. Ndugu yake mwenye nguvu zaidi ni amfoterisini B, iliyopatikana miaka michache baadaye kutokana na udongo wa kando ya mto Orinoco, Venezuela. Hii hupewa mgonjwa mahututi kwa njia ya mshipa. Inaua kuvu kwelikweli, lakini macho yake hayaoni sawasawa: mara nyingine hushika kolesteroli ya seli zetu pia. Mgonjwa hutetemeka kwa homa, damu yake hupungua, madini ya potasiamu hushuka, na figo huumia. Ndiyo maana anayepewa dawa hiyo hupimwa damu mara kwa mara.

Kundi jingine, ambamo mna flukonazoli, huzuia kuvu isitengeneze ergosteroli. Lakini kimeng'enya kinachozuiwa kina jamaa zake ndani ya ini letu. Vidonge vya ketokonazoli, ambavyo zamani vilitolewa kwa wingi, viliumiza maini ya watu kiasi kwamba mwaka wa 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walipendekeza visitishwe, na wale wa Marekani wakaweka masharti makali. Krimu na shampuu yake hazikuhusika kwa sababu haziingii sana mwilini. Usinunue vidonge vya kuvu bila kumwambia mhudumu dawa nyingine unazotumia, na kama una mimba, sema mapema.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari, Oktoba 2022, lilieleza kwamba dunia nzima ina makundi manne tu ya dawa za kutibu kuvu zilizoingia ndani ya mwili.

Joto la shimoni

Unaweza kuuliza: kama kuvu ni nyingi hivi, na dawa ni chache hivi, mbona hatuozi tukiwa hai? Swali hilohilo muulizie fuko. Anaishi katika shimo lenye unyevu na giza, katikati ya mizizi inayooza, mahali ambapo kuvu zimejaa katika kila punje ya udongo. Mbona haimeei mwilini mwake?

Jibu mojawapo ni joto. Kuvu nyingi hupenda ubaridi wa udongo na vivuli. Mwaka wa 2009 Arturo Casadevall na Vincent Robert walichunguza takwimu za sampuli karibu 4,800 za kuvu zilizohifadhiwa Uholanzi. Waliona kwamba kati ya nyuzijoto 30 na 40 za Selsiasi, kila nyuzi moja inapoongezeka, asilimia 6 hivi ya kuvu hushindwa kumea. Mwili wa binadamu una nyuzi 37. Kwa kuvu nyingi huo ni moto. Kuvu zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi ni takriban 150,000, lakini zinazojulikana kumwambukiza binadamu ni mia chache tu.

Vyura hawana joto hilo. Kuvu moja ya ngozi imewamaliza duniani kote, na kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, aina 90 hivi za vyura na jamaa zao zinadhaniwa kutoweka kwa sababu yake. Mimea nayo haina joto, na ndiyo maana mkulima hupambana na kuvu kila msimu. Hata kwetu sisi, choa hubaki juu ya ngozi, kwenye vidole na kichwani, mahali ambapo joto ni dogo kuliko ndani. Fuko akifa, joto lake likazimika, kuvu na bakteria huingia mara moja.

Zipo hata hivyo kuvu zilizozoea moto huo. Mojawapo ni Candida auris, iliyotambuliwa mara ya kwanza mwaka wa 2009 katika sikio la mgonjwa nchini Japani, na ambayo imekwisha kupatikana katika hospitali za Kenya. Haisikii dawa nyingi. Wako wataalamu wanaoshuku kwamba kuongezeka kwa joto la dunia ndiko kulikoizoesha. Nyingine ni ile ninayotaka uikumbuke zaidi kuliko yote niliyoandika hapa.

Kichwa kisichoacha kuuma

Jina lake ni kriptokokasi. Huishi katika udongo, kwenye miti na katika kinyesi cha njiwa. Tunaivuta pamoja na vumbi bila kujua, na kinga ya mwili huibana ikalala. Inavumilia nyuzi 37, na hujivika koti la utelezi linaloikinga na askari wa damu. Kinga ikishuka sana, kama kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajaanza dawa au ameziacha, huamka na kupanda kwenye ubongo. Huo ndio ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo unaoletwa na kuvu.

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka wa 2018 ulikuta virusi vya Ukimwi kwa asilimia 17.5 ya watu wazima katika Kaunti ya Kisumu na asilimia 19.6 Homa Bay, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Kwa hiyo si ugonjwa wa mbali. Duniani kote, makadirio ya mwaka wa 2020 ni kwamba uliua watu 112,000 walio na Ukimwi.

Ubaya wake ni kwamba hauji kwa kishindo. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria humwangusha mtu kwa siku moja au mbili. Hii ya kuvu huanza na kichwa kinachouma leo, kesho, wiki nzima, wiki mbili. Mgonjwa hununua panadoli. Halafu dawa ya malaria, kwa sababu huku ziwani kila homa huitwa malaria. Halafu antibiotiki, ambayo umekwisha ona kwa nini haisaidii. Baadaye hutapika, huona vitu viwili viwili, shingo hukakamaa, husahau majina ya watoto wake. Wengine husema amerogwa.

Ikiwa wewe au mtu wa nyumbani mwako anaishi na virusi na ana kichwa kisichoacha kuuma, usingoje dalili za mwisho. Nenda hospitali utaje hali yake waziwazi na uulizie kipimo cha kriptokokasi, kinachoitwa kwa kifupi CrAg. Tone la damu hutiwa kwenye kijiti kama cha kupimia mimba na majibu hutoka kwa dakika kumi hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo hicho kifanywe hata kwa asiyeumwa, ikiwa hesabu ya CD4 iko chini ya 100, na ikiwezekana chini ya 200. Kuvu huonekana katika damu wiki nyingi kabla ya kichwa kuanza kuuma, na anayegunduliwa mapema, baada ya kuhakikishwa kwamba haijafika kwenye ubongo, hutibiwa kwa flukonazoli ya kumeza.

Ikishafika kwenye ubongo, vidonge hivyo pekee havitoshi. Ndipo inapohitajika amfoterisini, ile yenye macho hafifu. Habari njema ni kwamba sasa ipo iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta, isiyoumiza figo sana. Utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Zimbabwe na kwa jirani zetu Uganda, ukachapishwa mwaka wa 2022, ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya dawa hiyo, pamoja na wiki mbili za flusaitosini na flukonazoli za kumeza, inafaa sawa na wiki nzima ya ile ya kale. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza. Hata hivyo, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne katika utafiti huo alifariki ndani ya wiki kumi.

Mambo mawili huwatia hofu jamaa wa mgonjwa wodini. La kwanza ni sindano ya kutoa maji mgongoni. Nimesikia watu wakiikataa kwa kusema aliyechomwa mgongo hapati kuamka tena. Wanaosema hivyo wamewaona wagonjwa waliofikishwa wakiwa wamechelewa. Kuvu huziba njia za maji ya ubongo, maji hujaa, na shinikizo lake ndilo linalopasua kichwa na kupofusha macho. Kuyatoa ni sehemu ya tiba, na huenda daktari akarudia kila siku. Mara nyingi mgonjwa hupata nafuu ya kichwa siku ileile.

La pili ni pale daktari anaposema dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zisianzwe bado kwa mgonjwa ambaye hakuwa akizitumia. Huo si uzembe. Kinga ikirudi ghafla ilhali kuvu ingali nyingi kwenye ubongo, vita vyake huvimbisha ubongo na vinaweza kuua. Husubiriwa wiki nne hadi sita tangu kuanza kwa dawa ya kuvu, ndipo zianze.